Zimwi Likujualo: Urafiki wa Majitu na Wanadamu katika Masimulizi ya Karagwe na Kyerwa

1. Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" inafahamika kwa kila mwanafunzi wa lugha hii. Vitabu vya methali huieleza kwa ufupi: ni afadhali kudhurika mikononi mwa mtu mnayejuana naye kuliko mikononi mwa mgeni, kwa kuwa wa kwanza atabakiza kitu. Maelezo hayo si makosa, ila yanapita haraka juu ya neno moja linalobeba uzito wote wa methali, nalo ni kitenzi -jua. Zimwi halisemwi kuwa ni jema, wala kwamba limeshiba, wala kwamba limepungukiwa nguvu. Kinachomwokoa mtu ni kule kujulikana nalo.

Muundo wa methali yenyewe unalikazia jambo hilo. Kila kitenzi kina kiambishi cha zimwi, li-, pamoja na kiambishi cha yambwa kinachomwakilisha mtu, -ku-: li-ku-jua-lo, ha-li-ku-li, li-ka-kw-isha. Katika kitenzi cha tatu -ku- imekuwa -kw- mbele ya irabu, na -isha imechukua yambwa kwa namna ya kizamani. Hakuna kitenzi hata kimoja ambamo zimwi limesimama peke yake bila mtu. Wawili hao wamefungwa pamoja tangu neno la kwanza la kitendo hadi la mwisho.

Lakini methali haisemi kujuana huko kunapatikana kwa njia gani. Jibu halimo katika methali. Limo katika masimulizi. Mhadhara huu unalitafuta katika masimulizi ya nyanda za juu zilizo magharibi mwa Ziwa Viktoria, hasa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizo mbili zilikuwa wilaya moja ya Karagwe hadi Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012. Mto Kagera unazitenga na Rwanda kwa upande wa magharibi, na ng'ambo ya mpaka wa kaskazini iko Uganda. Wenyeji wake ni Wanyambo, na lugha yao, Runyambo, imepewa msimbo E.21 katika uainishaji wa Guthrie, ikifuatwa na Ruhaya, E.22. Historia ya ufalme wa Karagwe iliandikwa na Israel Katoke katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1975, na msamiati wa Runyambo ulikusanywa na Josephat Rugemalira katika kamusi ya Runyambo, Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 2002. Kwa hiyo mtafiti wa masimulizi ya huko haanzii gizani.

Hoja ya mhadhara ni kwamba, katika masimulizi haya, urafiki wa jitu na mwanadamu hautokani na moyo mwema wa jitu, wala na ujanja wa mwanadamu. Unatokana na mapatano. Na mapatano yanapovunjika, mara nyingi anayeyavunja ni mwanadamu, au yule aliyepewa kitu na kukisahau. Asiyeiona hoja hiyo atayatafsiri masimulizi haya vibaya, na historia imeonyesha kwamba tafsiri mbaya ya masimulizi inaweza kuleta madhara makubwa.

2. Mtu, jitu na zimwi

Kabla ya kuyaendea masimulizi, inafaa kuyachunguza majina. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kiumbe mkubwa anayefanana na binadamu: jitu na zimwi. Neno la kwanza halina siri. Shina -tu likipewa kiambishi m- ni mtu. Likipewa ji- ni jitu, na wingi wake majitu. Tofauti ya mtu na jitu katika lugha ni kiambishi tu. Shina ni lile lile, na ndilo linalopatikana pia katika utu. Kwa hiyo lugha yenyewe inalihesabu jitu kuwa mtu aliyekuzwa, wala si mnyama aliyepewa umbo la mtu.

Neno la pili lina ukoo mrefu zaidi. Zimwi ni ndugu wa mzimu, mizimu na kuzimu. Wanaisimu wa Kibantu wanayarejesha maneno haya kwenye shina la kale *-dimu, lenye maana ya roho au pepo wa marehemu. Shina hilo limeenea Afrika nzima ya Kibantu, na mwenendo wake unastahili kuangaliwa. Katika Kitswana, Modimo ni Mungu, badimo ni wahenga waliokufa, na ledimo ni jitu lilalo watu. Katika Kizulu, izimu ni jitu la aina hiyo hiyo. Katika Kikuyu, irimũ ndilo zimwi la ngano. Katika Runyambo, kama katika lugha jirani, omuzimu na wingi wake emizimu ni roho ya marehemu inayoendelea kuwa na haki na madai juu ya jamaa zake walio hai.

Ukizitazama lugha hizi kwa pamoja, mpangilio unajitokeza. Shina ni moja, lakini ngeli ndiyo inayoamua. Linapoingia katika ngeli ya mizimu au ya watu, huwa mzee wa ukoo anayeheshimiwa. Linapoingia katika ngeli ya li-/ya-, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu hubeba pia maana ya ukubwa na dharau, huwa jitu la kutisha. Zimwi na mhenga, kwa hiyo, si viumbe wawili waliokutana kwa bahati katika sauti zinazofanana. Ni kiumbe mmoja aliyetazamwa kwa macho mawili: jicho la jamaa na jicho la mgeni. Mzimu wa ukoo wako unakujua. Mzimu wa ukoo usioujua ni zimwi. Hapo methali inaanza kueleweka upya.

Upatanisho wa kisarufi nao una la kusema. Kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba jina la kiumbe hai, hata likiwa katika ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa ngeli ya watu. Lakini msemaji anayekusudia ukubwa au dharau huweza kuubakiza upatanisho wa li-. Msimulizi anaweza kusema, "Zimwi likaingia nyumbani likaketi," na anaweza kusema, "Zimwi akaingia nyumbani akaketi." Sentensi ya pili inamshtua msikilizaji kidogo, ila sarufi haiikatai. Na mshtuko huo una maana yake: zimwi lililoketi ni tishio, lakini zimwi aliyeketi ni mgeni, na mgeni huandaliwa.

3. Mlango unaofunga umaskini

Masimulizi makuu ya urafiki kati ya wanadamu na viumbe waliowazidi, katika eneo zima la lugha za Runyoro, Rutooro, Runyankore, Rukiga, Runyambo na Ruhaya, ni yale ya Wachwezi na asili yao. Chimbuko lake linatajwa kuwa Kitara, nchi ambayo kiini chake kilikuwa magharibi mwa Uganda ya leo. Karagwe inahusika nayo moja kwa moja. Mapokeo ya huko husimulia kwamba Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Abahinda, alitoka upande huo baada ya Wachwezi kutoweka, na kwamba alichukua utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Abasiita. Baadhi ya masimulizi humwita Ruhinda mwana wa Wamara, mfalme wa mwisho wa Wachwezi, aliyezaliwa na mjakazi aitwaye Njunaki. Kwa sababu hiyo kisa cha Kitara kilikuwa pia kisa cha uhalali wa kiti cha Karagwe.

Kisa chenyewe, kama kilivyoandikwa na J. W. Nyakatura wa Bunyoro katika kitabu chake cha mwaka 1947 na waandishi wengine waliomtangulia, chaanza hivi. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alitaka urafiki na Isaza, mfalme wa Kitara. Alimtumia mjumbe mwenye mafumbo. Miongoni mwayo aliulizwa kipimo cha wakati ni nini. Kamba inayofunga maji ni ipi. Nani asiyejua wajibu. Na ni mlango gani unaofunga umaskini usiingie. Isaza na wazee wake walishindwa. Aliyeyafumbua ni kijakazi wa nyumbani. Kipimo cha wakati ni jogoo. Kamba inayofunga maji ni unga wa ulezi, kwa kuwa ukitiwa katika maji yanayochemka huyageuza kuwa ugali. Asiyejua wajibu ni mtoto mchanga. Na mlango unaofunga umaskini ni urafiki wa damu.

Mjumbe alikuwa amekuja na buni mbili za kahawa zilizotiwa damu ya Nyamiyonga. Ili kuelewa uzito wa zawadi hiyo, lazima msomaji ajue desturi yenyewe. Urafiki wa damu, unaoitwa omukago katika lugha za eneo hili, ulifungwa kwa kuchanja ngozi karibu na kitovu, kuitia damu katika buni ya kahawa, na kila mmoja kumeza ile yenye damu ya mwenzake. Tunda moja la kahawa kwa kawaida lina buni mbili zilizolala kifua kwa kifua, na mfano huo haukuhitaji maelezo kwa watu wanaolima kahawa. Waliofunga omukago walikuwa ndugu: hawakusalitiana, hawakunyimana chakula, na watoto wa mmoja walikuwa watoto wa mwingine. Hata leo mkoani Kagera mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Damu haimo tena, lakini kiganja kinachotoa na kiganja kinachopokea vimebaki.

Isaza aliogopa kufungamana na mfalme wa wafu. Badala ya damu yake alitoa damu ya mtumishi wake, Bukuku, mlinda lango. Nyamiyonga alimeza buni yenye damu ya mtu mwingine akidhani amepata ndugu. Alipogundua hila hiyo alikasirika, lakini hakuja na jeshi. Alimtuma binti yake, Nyamata, ambaye uzuri wake ulimfanya Isaza amwoe. Nyamata alichunguza na kutambua kwamba Isaza anawapenda ng'ombe wake kuliko kitu kingine chochote, kisha akarudi kwa baba yake akiwa mjamzito. Nyamiyonga akapeleka ng'ombe wawili wazuri kupita kiasi. Ng'ombe hao walipoondoka, Isaza aliwafuata hadi ardhi ikammeza. Kiti chake kilikaliwa na Bukuku, yule yule ambaye damu yake ilitolewa kwa niaba ya mfalme.

Mtoto wa Nyamata aliitwa Isimbwa. Kwa binti ya Bukuku, Nyinamwiru, Isimbwa alimzaa Ndahura, na kutoka kwake wakafuata Wachwezi wengine hadi Wamara. Hapa panatokea jambo lisilotajwa sana na wachambuzi. Wachwezi, hao wakubwa wa masimulizi yote ya eneo hili, ni matunda ya urafiki uliodanganywa. Damu ambayo Isaza aliinyima buni ilichukuliwa kwa njia ya ndoa. Mapatano hayakufutika kwa hila. Yalirudi kwa sura ya ujukuu. Zaidi ya hayo, Bukuku naye, aliyefanywa rafiki bila kuulizwa, akawa babu wa Wachwezi kwa upande wa mama. Kila aliyetia damu alipata fungu lake.

4. Wamara na deni lililosahauliwa

Upande wa Buhaya, masimulizi yaliyoandikwa na wamisionari na wasomi wa karne ya 20 yana kisa kinachofuata mkondo huo huo kwa majina mengine. Wamara na wenzake walishuka kuzimu kwa mfalme aitwaye Kintu. Huyo hakuwala. Aliwapokea kama wageni, akawapa mifugo na mbegu ambazo dunia ya juu haikuwa nazo. Lilibaki jambo moja tu: kurudi na kushukuru. Wamara akafanikiwa, akashiba, akasahau. Ndipo Kintu alipomtuma Rufu, ambaye jina lake ndilo neno la kifo, kuja kudai. Wamara na watu wake wakatoweka duniani.

Katika ngano nyingi zinazofundishwa shuleni, jitu ndilo lililo na pupa: linakula, linadanganya, na mwishowe linachomwa moto au kukatwa kidole watu wakatoka. Hapa mambo yamepinduliwa. Mkubwa wa kuzimu anatoa, anangoja, na anadai kile tu alichoahidiwa. Mwenye pupa ni mpokeaji. Kifo chenyewe, katika kisa hiki, si adui anayevamia. Ni mdai anayefuata haki yake. Mtu anaweza kubishana na falsafa hiyo, lakini hawezi kusema kwamba ni hadithi ya kutishia watoto.

5. Wakubwa waliobaki nyumbani

Je, Wachwezi ni majitu? Kwa kimo peke yake, jibu si rahisi. Masimulizi huwasifu kwa urefu, kwa nuru ya nyuso zao iliyowafanya watu washindwe kuwatazama, na kwa kutokufa, maana inasemekana walitoweka tu. Lakini ukubwa wao hasa ni wa kazi. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, kusini magharibi mwa Uganda, ambayo urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10, husemwa kuwa yalichimbwa nao. Akiolojia inayaweka takriban kati ya karne ya 13 na ya 16. Mashimo na maziwa madogo ya kreta karibu na Fort Portal huitwa nyayo zao. Mahali penye alama iliyozidi uwezo wa mkono wa kawaida, jina lao hutajwa.

Hata hivyo, kisarufi hawakuwahi kutolewa katika ubinadamu. Katika Runyambo na Ruhaya wanaitwa Abachwezi, umoja omuchwezi, yaani ngeli ile ile ya abantu. Wamo safu moja na watu.

Na waliendelea kuishi na watu kwa njia iliyoandaliwa vizuri. Baada ya kutoweka, Wachwezi walijulikana kama emandwa, roho zinazompanda mtu aliyeingizwa rasmi katika ibada ya kubandwa. Kila mmoja alikuwa na eneo lake: Mugasha alihusika na maji na dhoruba za ziwa, Irungu na nyika na uwindaji, Kazoba na jua, Ryangombe na mifugo, na Wamara mwenyewe na wafu. Mtu aliyepandwa alizungumza kwa jina la mkubwa huyo, akasalimiwa kwa jina hilo, akapewa kinywaji na sehemu yake ya chakula, kisha akaagwa. Hapo hapakuwa na woga mtupu. Palikuwa na ratiba, adabu na zamu. Mvuvi aliyemheshimu Mugasha na mwindaji aliyemheshimu Irungu walikuwa watu wanaojulikana na wenye maji na wenye nyika. Ukristo na Uislamu vimeipunguza sana ibada hiyo, lakini majina yamebaki katika tenzi za enanga, ule ubao wa nyuzi ambao waimbaji wa Buhaya huutumia kusimulia habari za mashujaa. M. M. Mulokozi alizichunguza tenzi hizo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, na utendi wa Mugasha ni miongoni mwa zinazofahamika zaidi.

6. Mfano wa Pwani: kikoa cha Liyongo

Msomaji anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya bara tu. Lakini fasihi ya Kiswahili nayo ina jitu lake rafiki, naye ni Fumo Liyongo, aliyesimuliwa katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo alikuwa mrefu na mwenye nguvu kupita wanadamu, lakini alikuwa pia malenga, mwana wa mtu, ndugu na baba. Watu wa kawaida walimpenda. Aliyemwogopa ni mtawala wa Pate.

Njia zilizotumiwa kumwangamiza zinafanana sana na hila ya Isaza. Kwanza waliandaa kikoa, yaani utaratibu wa marafiki kula kwa zamu, kila mmoja akitoa fungu lake. Zamu ilikuwa ya kupanda mkoma na kuangusha matunda, na walikusudia kumpiga mishale Liyongo akiwa juu. Yeye akayaangusha matunda kwa mshale akiwa amesimama chini. Hila hiyo iliposhindwa, mwanawe mwenyewe alishawishiwa kwa ahadi, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa amelala. Chombo cha mauti katika jaribio la kwanza ni chakula cha urafiki, na katika la pili ni damu ya ukoo. Si lazima kudai kwamba pwani iliazima kutoka Kitara au Kitara kutoka pwani. Inatosha kuona kwamba jamii mbili zilizo mbali zilifikia wazo moja: jitu haliwezi kushindwa kwa nguvu, ila linaweza kusalitiwa, kwa sababu lenyewe hulishika neno la urafiki.

7. Ngoma nyepesi na nadharia nzito

Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao makuu ya Karagwe, akakaribishwa na Mfalme Rumanyika na kukaa hadi Januari 1862. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 ameandika alivyosimuliwa jinsi Rumanyika alivyowashinda ndugu zake waliogombea kiti. Ngoma ndogo iliwekwa mbele yao. Kwa uzito wake wa kawaida ilikuwa nyepesi, lakini ilitiwa dawa, hivyo kwamba hakuna aliyeweza kuinua isipokuwa yule aliyekubaliwa na roho. Wengine walishindwa, Rumanyika aliinua kwa kidole kimoja.

Kisa hiki ni cha ukoo mmoja na vilivyotangulia. Nguvu haimo katika msuli wa mtu; imo katika kujulikana kwake. Ngoma ilimjua Rumanyika, ikawa nyepesi. Kwa fikra ya Karagwe, ukubwa ni uhusiano.

Speke hakuyasoma hivyo. Katika kitabu hicho hicho alitoa nadharia kwamba watawala wafugaji wa eneo hili, warefu wa kimo, walikuwa kizazi cha wahamiaji kutoka Ethiopia, bora kuliko wakulima waliowakuta. Waandishi waliomfuata waliwaingiza Wachwezi katika nadharia hiyo, wakawafanya kuwa kabila geni la warefu. Kilichokuwa lugha ya mapatano kikageuzwa kuwa lugha ya mbari. Wachwezi wa masimulizi ni wajukuu wa mlinda lango na wa mfalme wa kuzimu kwa pamoja. Wachwezi wa nadharia hawana ujamaa na mtu yeyote aliyewapokea. Kwa maneno ya sehemu ya pili ya mhadhara huu, jamaa aligeuzwa kuwa zimwi.

Matokeo yake hayakuishia vitabuni. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya na kusema kwamba Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia fupi ya Mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera hupita kando ya Karagwe na Kyerwa kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Mwaka 1994 watu wa kingo zake waliiona miili ikielea, na katika mwaka huo huo Ngara na Karagwe zilipokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Hakuna anayeweza kusema kwamba hadithi ilisababisha mauaji ya kimbari; sababu zake ni nyingi na za kisiasa. Lakini ni kweli kwamba nadharia iliyopata moja ya misingi yake ugenini kwa Rumanyika ilitumiwa miaka 130 baadaye kuwaambia watu kwamba jirani yao si mtu wa hapa.

8. Kuyatafsiri masimulizi haya kwa Kiswahili

Masimulizi ya Runyambo leo yanakusanywa kwa Kiswahili zaidi kuliko wakati wowote uliopita, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya shule na ndiyo lugha ya wanafunzi wanaotumwa kukusanya fasihi simulizi vijijini kwao. Jambo hilo ni jema, ila lina masharti.

Kwanza, mkusanyaji aliandike jina la kiumbe kama alivyolisikia kabla ya kulitafutia kisawe. Akiandika zimwi mahali pa omuchwezi, amemtoa kiumbe huyo katika ngeli ya watu bila kujua. Akiandika shetani mahali pa omuzimu, amefanya hukumu ya kidini ambayo msimulizi hakuifanya. Pili, aangalie upatanisho. Uchaguzi wa likasema au akasema si suala la usahihi peke yake. Ni sehemu ya maana ya hadithi, na unaweza kubadilika katikati ya hadithi moja kadiri jitu linavyojulikana. Tatu, atafute mapatano yako wapi: nani alitoa, nani alipokea, nani aliahidi, na nani alisahau. Tanzu za fasihi simulizi, kama zilivyoainishwa na Mulokozi katika jarida la Mulika mwaka 1989, zinatofautisha ngano, visakale na visasili. Lakini hoja ya deni hukatiza tanzu zote hizo, na mkusanyaji anayeainisha tu bila kuuliza swali hilo atapata orodha nzuri ya hadithi ambazo hakuzielewa.

9. Hitimisho

Mhadhara huu ulianza na swali la namna ambavyo zimwi humjua mtu. Masimulizi ya Kitara, Karagwe na Buhaya yanajibu kwamba humjua kwa kile walichopeana: buni yenye damu, ndoa, mbegu, ng'ombe, kinywaji kilichomwagwa kwa jina. Kujuana si hisia, bali ni kumbukumbu ya kupeana. Anayekumbuka huishi na wakubwa wa dunia bila kuliwa. Anayesahau hutembelewa na Rufu.

Ndiyo maana methali haikusema kwamba zimwi likujualo halikuli kabisa. Ilisema halikuli likakwisha. Wakubwa wana madai yao, na mtu hawezi kukaa nao bila kutoa fungu. Kinachobaki baada ya fungu hilo kutolewa ndicho maisha, na wahenga wa Karagwe waliona kwamba kinatosha. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili anayeyapokea masimulizi hayo ni kutomgeuza kuwa zimwi yule ambaye wenyewe walimwita ndugu.